Kwa nini Visiwa vya Faroe husherehekea bendera yao tarehe 25 Aprili

Tarehe 25 Aprili, ikifika saa sita mchana, ofisi nyingi katika Visiwa vya Faroe hufungwa. Nusu ya siku iliyobaki ni ya bendera. Maskauti hutangulia wakiwa wamezishika bendera kwa mikono miwili, bendi ya tarumbeta hufuata, na nyuma yao huja watu wa mji, wazee kwa vijana, watoto wakipunga vibendera vidogo. Kuna hotuba, kuna kwaya. Mwezi huo majani ya milimani bado ni ya kahawia, baridi haijaondoka, na upepo wa Atlantiki hauchoki, kwa hiyo kitambaa hakilali. Siku hiyo huitwa Flaggdagur, yaani Siku ya Bendera.

Mgeni anayeijua kidogo historia ya visiwa hivyo hukwama kwenye tarehe. Bendera ya Faroe ilibuniwa mwaka 1919, ikapandishwa mara ya kwanza tarehe 22 Juni mwaka huo. Ilikuja kutambuliwa na sheria tarehe 23 Machi 1948. Tarehe 25 Aprili bendera haikubuniwa, haikuzinduliwa, wala haikupitishwa na bunge lolote. Kilichotokea siku hiyo, mwaka 1940, ni tangazo la Waingereza, ambao majeshi yao yalikuwa yameshuka Tórshavn, mji mkuu wa visiwa, chini ya wiki mbili kabla bila kualikwa na mtu. Inakuwaje watu wenye tarehe tatu mkononi wakaichagua ile ambayo mgeni mwenye bunduki alikuwa amesimama bandarini?

Jibu liko baharini, na naamini msomaji aliyekulia pwani ataliona upesi kuliko wa bara. Lakini kwanza tuwajue wenyewe.

Faroe ni visiwa 18 katika Atlantiki ya kaskazini, kati ya Uskoti, Norwei na Iceland. Kimoja tu ndicho kisichokaliwa na watu. Ukivikusanya vyote unapata kama kilomita za mraba 1,400, pungufu ya Unguja peke yake. Watu wake ni kama 55,000. Waite wote katika Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam, na viti vitabaki. Wana lugha yao, Kifaroe, iliyotokana na lugha ya mabaharia wa Norwei waliohamia huko zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wana bunge lao, Løgting, ambalo chimbuko lake ni mabaraza ya hao wahamiaji wa kale. Wanaishi kwa samaki. Na juu ya hayo yote, hawana dola yao: wamo ndani ya Ufalme wa Denmark. Ulinzi na sehemu kubwa ya mambo ya nje viko Copenhagen, na Faroe hupeleka wabunge wawili katika bunge la Denmark. Hata hivyo Denmark ilipojiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya mwaka 1973, Faroe walibaki nje, na mpaka leo hawamo katika Umoja wa Ulaya.

Mzanzibari hahitaji kuchorewa ramani hapa. Anajua maana ya kuwa na rais wako, baraza lako la kutunga sheria na bendera yako, huku kiti cha Umoja wa Mataifa kikiwa ni cha Muungano. Tofauti zipo, na ni kubwa. Zanzibar iliwahi kuwa dola kamili na mwanachama wa Umoja wa Mataifa, Desemba 1963, kabla ya Mapinduzi na kabla ya Muungano. Faroe hawajawahi. Walikuwa wa Norwei. Norwei na Denmark zikawa chini ya mfalme mmoja. Na mwaka 1814 Norwei ilipokatwa na kupewa Uswidi, Faroe, Iceland na Greenland zikabaki mkononi mwa Denmark. Mwaka 1816 Løgting lilifutwa kabisa, na liliporudishwa mwaka 1852 lilikuwa baraza la kutoa ushauri tu.

Kuna jambo jingine la karne hiyo ambalo bila hilo hadithi ya bendera haieleweki. Hadi mwisho wa mwaka 1855 biashara yote ya visiwa ilikuwa ukiritimba wa mfalme. Mkulima alipeleka soksi zake za sufu katika ghala la serikali na kupokea nafaka kwa bei aliyopangiwa. Ukiritimba ulipoondolewa mwaka 1856, ndipo Wafaroe wakaanza kuitazama bahari kuwa riziki yao wenyewe. Kufikia miaka ya 1870 walikuwa wananunua meli kuukuu za matanga kutoka Uingereza na kuzipeleka kuvua chewa hadi pwani za Iceland. Ndani ya kizazi kimoja, wafugaji wa kondoo wakawa taifa la mabaharia. Na kila meli kati ya hizo, tezini kwake, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, ilipepea bendera ya Denmark: nyekundu yenye msalaba mweupe, wenyewe wanaiita Dannebrog.

Vuguvugu la kujitambua lilianza na lugha. Tarehe 26 Desemba 1888 watu walikutana Tórshavn kuzungumzia namna ya kukilinda Kifaroe, ambacho wakati huo hakikuwa na nafasi shuleni wala kanisani. Huko kote ilitumika Kidenishi. Kutoka lugha wakafika kwenye siasa, na mwaka 1906 visiwa vikawa na vyama viwili vilivyogawana nyumba hata nyumba: kimoja kikitaka kujitawala, kingine kikitaka kubaki na Denmark kama kawaida.

Kitambaa cha Fámjin

Wanafunzi wa Kifaroe waliokuwa wakisoma Copenhagen ndio walioichora bendera. Anayetajwa zaidi ni Jens Oliver Lisberg, mwanafunzi wa sheria kutoka kijiji cha Fámjin, magharibi mwa kisiwa cha Suðuroy, ambacho ndicho kisiwa cha kusini kuliko vyote. Hakuwa peke yake, alikuwa na wenzake. Ulikuwa mwaka 1919, na mwaka mmoja nyuma yao kulikuwa na jambo lililowakaa rohoni: tarehe 1 Desemba 1918 Iceland ilikuwa imetambuliwa kuwa ufalme unaojitawala, yenye bendera yake, ikiendelea tu kuwa na mfalme mmoja na Denmark. Kama ndugu wa jirani ameweza, kwa nini sisi tusiweze?

Itazame bendera yenyewe utaona wanafunzi walivyofikiri. Bendera ya Norwei ni nyekundu, msalaba wake ni wa buluu uliozungushiwa nyeupe. Ya Iceland ni ya buluu, msalaba wake ni mwekundu uliozungushiwa nyeupe. Rangi ni zilezile tatu. Wafaroe wakazichukua hizo hizo na kuzipanga kwa namna iliyokuwa imebaki: uwanja mweupe, msalaba mwekundu, pindo la buluu. Msalaba wenyewe umesogezwa upande wa mlingoti, kama ilivyo desturi ya mataifa yote ya kule kaskazini. Weupe huelezwa kuwa ni povu la mawimbi yanayopasuka kwenye majabali, na anga safi. Mwenye macho anaelewa kwamba bendera hiyo inasema jambo la pili pia, tena bila kulitaja: sisi ni wa ukoo huu wa Norwei na Iceland, na kwenye meza ya ukoo tuna kiti chetu. Jina lake ni Merkið, neno linalomaanisha alama.

Lisberg aliirudisha nyumbani. Tarehe 22 Juni 1919 ilipandishwa Fámjin katika sherehe ya harusi. Wiki moja kabla, tarehe 15 Juni, Dannebrog ilikuwa imetimiza miaka 700 kwa hesabu ya ngano ya Wadenmark, isemayo kwamba mwaka 1219 ilidondoka kutoka mbinguni katikati ya vita huko Estonia. Bendera moja ina ngano ya mbinguni na wafalme, nyingine ina harusi ya kijijini. Mimi ukiniuliza ipi inanigusa, nitakwambia ya harusi. Lisberg hakuishi kuona ilipofika. Alifariki mwaka 1920, akiwa na miaka 23.

Kitambaa kile cha kwanza bado kipo. Kimetundikwa katika kanisa la Fámjin, kanisa dogo la kijiji kilichobanwa kati ya mlima na bahari. Humo humo limehifadhiwa jiwe la kale lenye maandishi ya runi, herufi za Wanorwei wa zamani. Kwa hiyo anayeingia kanisani mle hukutana na alama mbili za watu wale wale: maandishi ya mababu juu ya jiwe, na kitambaa kilichoshonwa kwa ajili ya wajukuu.

Kwa miaka 20 iliyofuata, Merkið ilikuwa bendera ya upande mmoja. Waliotaka kujitawala waliipandisha; waliotaka kubaki na Denmark waliitazama kama bendera ya chama, wakaendelea na Dannebrog. Serikali haikuitambua. Hapo ndipo pa kuuliza: bendera ya kundi huwaje bendera ya watu wote? Kwa Faroe haikuwa hotuba wala kura iliyofanya kazi hiyo.

Bendera ya tezini

Bendera ya nyumbani na bendera ya chomboni hazifanyi kazi moja. Ya nyumbani ni fahari: ukiipandisha umependeza, usipoipandisha hakuna litakaloharibika. Ya tezini ni hati. Inamwambia kila anayekutana na chombo hicho kwamba hawa ni raia wa fulani, sheria inayowalinda ni ya fulani, na ukiwagusa utamjibu fulani. Bahari Kuu haina polisi wa zamu. Kinachosimama badala ya ukuta na mlango ni kile kitambaa.

Pwani yetu imelijua hilo zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 majahazi ya watu wa Sur, Oman, yaliyokuwa yakishuka na kaskazi kuja Afrika Mashariki, mengi yalipandisha bendera ya Ufaransa. Manahodha wake hawakuwa Wafaransa wala hawakujua Kifaransa. Waingereza walikuwa wakisimamisha majahazi na kuyapekua wakitafuta watumwa, lakini Ufaransa haikuruhusu chombo chenye bendera yake kipekuliwe na mwingine. Bendera ile ilikuwa ngao. Ugomvi ulifika mpaka mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo mwaka 1905 iliipunguzia Ufaransa uwezo wa kuigawa bendera yake kwa raia wa Sultani wa Muscat. Madola mawili makubwa ya Ulaya yalishtakiana kwa sababu ya vitambaa kwenye tezi za majahazi.

Sasa turudi kaskazini, mwezi wa Aprili mwaka 1940.

Tarehe 9 Aprili Ujerumani iliivamia Denmark, na kabla ya siku kwisha serikali ya Copenhagen ilikuwa imesalimu amri. Tarehe 11 Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini, aliliambia bunge la Uingereza kwamba Waingereza watavichukua Visiwa vya Faroe ili Wajerumani wasivipate. Tarehe 13 askari wa majini wakashuka Tórshavn. Hakuna risasi iliyopigwa. Gavana wa Denmark visiwani, Carl Aage Hilbert, aliwasilisha pingamizi lake rasmi, kisha akaendelea na kazi zake huku wageni wakifunga mizinga yao.

Mfikirie nahodha wa meli ya uvuvi ya Kifaroe wiki ile. Aliondoka nyumbani akiwa raia wa nchi isiyo vitani. Ameshinda pwani ya Iceland, ngama imejaa samaki, sasa anaelekea bandari za Uingereza kuuza. Tezini kwake ipo Dannebrog, kama ilivyokuwa kwa baba yake. Lakini Denmark sasa imekaliwa na Ujerumani. Kwa macho ya manowari ya Kiingereza, meli yenye bendera hiyo ni mali ya nchi iliyo mkononi mwa adui: inaweza kusimamishwa, kukamatwa, kushikiliwa. Akiishusha na kubaki bila bendera, ni hatari zaidi, maana chombo kisicho na bendera hakina mwenyewe. Akipandisha ya Uingereza, amejitangaza kuwa upande wa vita na nyambizi za Kijerumani zina ruhusa naye. Tena hana haki nayo, yeye si Mwingereza.

Imebaki ile moja. Ile ya wanafunzi, ya harusi ya Fámjin, iliyokuwa ikizozaniwa Tórshavn kwa miaka 20.

Tarehe 25 Aprili 1940 redio ya BBC ilitangaza kwamba meli za Faroe zitasafiri chini ya bendera ya Faroe. Waingereza hawakufanya hivyo kwa kuwahurumia Wafaroe au kwa kupenda uhuru wao, na sherehe ya leo haidai hivyo. Walihitaji samaki, kwa sababu meli zao wenyewe za uvuvi zilikuwa zimechukuliwa kwa kazi za vita, na walihitaji namna ya kutenganisha chombo cha rafiki na cha adui kwa kutazama tu. Lakini kwa Mfaroe aliyekuwa chomboni, sababu za London hazikuwa na uzito. Alichopata ni jina lake mwenyewe kwenye tezi ya meli yake. Kwa mara ya kwanza dola yenye nguvu ilikuwa imesema: nikiiona alama hii, najua ninyi ni nani.

Meli zikaenda. Ubavuni zilichorwa bendera kubwa na jina la visiwa ili ndege na nyambizi ziweze kusoma. Kwa miaka mitano mabaharia wa Faroe walisomba samaki wa Iceland kuwapeleka katika bandari kama Aberdeen, Hull, Grimsby na Fleetwood, wakati ambapo wengine wengi hawakuthubutu kuvuka maji yale. Alama iliyowaokoa na kukamatwa na Waingereza haikuwaokoa na mabomu, mabomu ya kutegwa baharini wala nyambizi. Mabaharia zaidi ya 200 hawakurudi. Idadi ya watu visiwani wakati huo haikufika 30,000. Katika vijiji vya nyumba chache, ambako boti moja hubeba kaka, shemeji na mtoto wa jirani, hesabu hiyo haina nyumba iliyoiacha salama.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo palipo kiini cha Flaggdagur. Walioizamia bendera ile hawakuwa wa chama kimoja. Alikuwemo aliyetaka kujitawala na alikuwemo aliyeipenda Denmark mpaka siku ya mwisho. Baada ya hapo nani angesimama Tórshavn na kuiita bendera ya chama? Bahari ilikuwa imeshaamua ugomvi ambao watu wa nchi kavu walishindwa kuumaliza, na iliuamua kwa gharama ya watu wao. Ndiyo maana tarehe iliyobaki mioyoni ni ile ya chomboni, na zile za kwenye karatasi zikakaa nyuma yake.

Sheria inakuja nyuma

Waingereza waliondoka Septemba 1945, wakiacha nyuma yao, miongoni mwa mengine, uwanja wa ndege waliojenga kisiwani Vágar, ambao mpaka leo ndio pekee visiwani. Wafaroe walikuwa wamejiendesha kwa miaka mitano. Tangu Mei 1940 Løgting lilikuwa likitunga sheria lenyewe. Kuwarudisha katika hali ya mwaka 1939 lilikuwa jambo gumu.

Tarehe 14 Septemba 1946 wakapiga kura. Waliotaka kujitenga walishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 200. Ushindi mwembamba namna ile ulileta mvutano badala ya jibu. Mfalme Christian wa Kumi alilivunja Løgting, uchaguzi ukaitishwa Novemba mwaka uleule, na walioshinda safari hii ni waliotaka kubaki. Mazungumzo yakafuata, yakazaa Sheria ya Utawala wa Ndani ya tarehe 23 Machi 1948, iliyoanza kazi tarehe 1 Aprili. Ndani yake Merkið ikatambuliwa rasmi, nchi kavu na baharini. Ofisi za dola ya Denmark zilizoko visiwani zikabakiwa na haki ya kupandisha Dannebrog.

Linganisha sasa. Mwaka 1948 ni mwaka wa maafikiano, na maafikiano kila upande huondoka nayo ukiwa umepoteza kitu. Mwaka 1946 ni kidonda: nusu walisema ndiyo, nusu wakasema hapana. Hakuna anayeweza kuita kijiji kizima nje na bendi ya tarumbeta kuadhimisha siku iliyokigawa kijiji hicho katikati. Tarehe 25 Aprili haimgawi mtu. Tarehe 29 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Olav wanayoiita Ólavsøka, ndiyo siku kuu ya taifa, ambapo Løgting hufunguliwa na visiwa vizima humiminika Tórshavn. Lakini hiyo ni sikukuu ya kale kuliko bendera, ina mambo yake mengi.

Lipo pia badiliko dogo la mwaka 1959, ambalo wengi hawalijui: buluu ya pindo ilifanywa kuwa nyepesi zaidi ya ile ya mwanzo.

Wapi inapepea, wapi haipepei

Bendera ya watu wasio na dola huishi kwa ruhusa za mahali mbalimbali, na kila mahali pana kanuni zake. Michezo huonyesha hili waziwazi. Katika Michezo ya Olimpiki Mfaroe hushindana chini ya Denmark; muogeleaji Pál Joensen alikwenda London mwaka 2012 akiwa na Dannebrog. Katika Michezo ya Paralimpiki, Faroe hushiriki kwa jina lao na bendera yao tangu 1984. Kwa hiyo wanamichezo wawili waliozaliwa mtaa mmoja wa Tórshavn wanaweza kuingia katika uwanja uleule, wiki chache mmoja baada ya mwingine, nyuma ya bendera mbili tofauti.

Katika soka Faroe waliingia FIFA mwaka 1988. Mechi yao ya kwanza ya mashindano rasmi, tarehe 12 Septemba 1990, waliichezea Landskrona, Uswidi, kwa kuwa nyumbani hawakuwa na uwanja wa nyasi, na wakaifunga Austria 1–0 kwa bao la Torkil Nielsen. Mpenzi wa soka wa Zanzibar akisoma hayo moyo unamuuma, na ana haki. Machi 2017 Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili. Julai mwaka huohuo likaufuta uanachama huo kwa hoja kwamba Zanzibar si nchi inayotambuliwa kimataifa. Hoja hiyohiyo ingewafaa Faroe vilevile. Kilichowasaidia ni kwamba waliingia kabla milango haijabanwa. Bendera ya Zanzibar ya sasa, ya buluu, nyeusi na kijani, yenye bendera ndogo ya Muungano kwenye kona, ilianza kupepea mwaka 2005. Ina sheria yake na ofisi zake. Uwanjani ndiko ambako bado haijafunguliwa mlango wote.

Si Faroe peke yao wenye siku kama hii kule kaskazini. Visiwa vya Åland, ambavyo ni vya Ufini lakini watu wake huzungumza Kiswidi, huadhimisha bendera yao Jumapili ya mwisho ya Aprili. Waliipandisha kwa mara ya kwanza mwaka 1954. Greenland, iliyo chini ya Denmark kama Faroe, ina bendera yake tangu 1985 na huiadhimisha tarehe 21 Juni, siku yao ya taifa. Hizo zote zilipatikana mezani, kwa majadiliano na sheria. Ya Faroe ndiyo iliyopatikana kwenye maji.

Januari 2024 timu ya wanaume ya mpira wa mikono ya Faroe ilicheza kwa mara ya kwanza mashindano ya Ulaya, jijini Berlin. Maelfu ya watu walisafiri kutoka visiwani kuishangilia, na walipotoka sare ya 26–26 na Norwei, majukwaa yalikuwa meupe kwa msalaba mwekundu wenye pindo la buluu. Berlin, mji uleule ambako amri ya kuivamia Denmark ilitoka mwaka 1940.

Katika bustani ya miti iliyo juu ya bandari ya Tórshavn kuna mnara wa ukumbusho wa mabaharia waliopotea vitani. Kutoka hapo ni mwendo mfupi tu kushuka gatini, ambako meli za uvuvi hufunga zikisubiri zamu ya kutoka. Tezini kwa kila moja limeandikwa jina la meli na jina la bandari yake, na juu ya maandishi hayo imetwekwa Merkið.